Nani Ataendesha Treni ya Makutupora

Kaka yangu aliingia reli mara tu alipomaliza kidato cha nne. Alianza kwa kupunga bendera ya kijani kwenye vituo vidogo vya porini, vile ambavyo treni ya mizigo hupita bila hata kupunguza mwendo, akapanda cheo baada ya cheo mpaka akawa mmoja wa wakubwa wanaopanga ratiba. Mimi, mdogo wake, nilisomea mipango miji, nikaajiriwa na wakala wa usafiri wa mjini, ofisi changa iliyozaliwa baada ya serikali kuhamia Dodoma na mji kufurika watu. Kwa miaka mingi kazi zetu hazikukutana popote. Yeye alikuwa na treni zake za mbali, mimi nilikuwa na vituo vyangu vya mabasi, na Jumapili tulikutana kwa mama Makutupora, tukala, tukacheka.

Kisha ikaja habari ya treni ya mjini.

Wakati huo ilikuwa mchoro tu, mstari mwekundu kwenye ramani: unaanzia mashariki, Mtumba, kwenye majengo ya wizara, unaingia mjini, halafu unakata kaskazini mpaka Makutupora kwenye mashamba ya zabibu. Treni ya kupeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Mwenye duka jirani yangu Chang'ombe, mtaa wetu wa hapa Dodoma, aliniuliza kila nikienda kununua sabuni, "Dada, treni lini?" Wengine waliniuliza itapita wapi, itasimama wapi, kama wataruhusu kupanda na magunia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza itaendeshwa na nani. Lakini ofisini kwetu, na ofisini kwa kaka, hilo ndilo swali pekee tulilokuwa nalo. Watu wa reli walisema ni ya kwao kwa sababu ni treni. Sisi tulisema ni yetu kwa sababu ni ya mjini. Atakayekuwa mwendeshaji ndiye angepata mabehewa mapya, ajira mpya, majengo na picha kwenye magazeti, na mimi sijawahi kuona ofisi inayoacha kitu kama hicho kiende kwa jirani.

Ikaundwa kamati ya kushauri nani apewe. Mkuu wangu akanitaja mimi. Jumapili iliyofuata nilimkuta kaka kwa mama, amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, akaniambia kwamba naye katajwa na wenzake.

"Basi tutakutana huko," alisema. "Usije ukaniita kaka mbele ya watu."

"Nitakuita mheshimiwa mjumbe."

Mama alikuwa anasonga ugali wa uwele. Alituliza mwiko, akatutazama. "Kwa hiyo ninyi wawili ndio mnaoamua?"

"Tunashauri tu, mama," kaka alisema.

"Mnaamua," alisema mama, akaendelea kusonga. Kabla jua halijazama majirani wote walikuwa wameshapata habari.

Lazima niseme kidogo juu ya shamba lake. Mama na baba walipanda zabibu pale wakiwa vijana, siku ambazo watu wengi wa kwetu waliona ni upuuzi kupoteza ardhi ya mtama kwa tunda la kupeleka kiwandani. Baba alifariki mimi nikiwa darasa la tano. Ndugu zake walimshauri mama auze arudi kwao. Hakuuza. Alijifunza kupogolea, kufunga matawi kwenye nyaya, kupiga dawa, kubishana na wanunuzi. Msimu wa mavuno alichukua vibarua kutoka vijiji vya jirani na aliwapikia yeye mwenyewe. Ada zetu zilitoka pale, sare zetu, nauli ya kaka siku aliyokwenda kuripoti reli. Mizabibu ikipogolewa hutoa maji kwenye kila mkato, matone safi kabisa, na mama alikuwa akipita asubuhi akiyafuta kwa kidole, bila sababu yoyote ninayoijua. Alikuwa na tabia ya kuzungumza Kigogo akikasirika na Kiswahili akiwa na wageni, lakini shambani hakuzungumza lugha yoyote.

Vikao vilianza vizuri. Tulikaa kwenye ukumbi wenye viyoyozi, chai na chapati mezani, na mwenyekiti wetu, mzee mmoja mstaafu mwenye sauti ya upole, akatuambia tusahau ofisi zetu tufikirie mwananchi. Sote tulitikisa vichwa. Kisha kaka akaomba kuchangia.

"Mwenyekiti, treni si basi kubwa," alisema. "Treni ikiwa kwenye mwendo, dereva akifunga breki hapa, inasimama kule. Kuna ishara, kuna kupishana, kuna njia ambayo leo inabeba mizigo ya nchi jirani. Huwezi kumkabidhi kazi hiyo mtu ambaye amezoea kupanga vituo vya mabasi."

Hakunitazama aliposema hivyo, na sikukasirika. Alikuwa anasema anachoamini. Zamu yangu ilipofika nami nilisema ninachoamini: kwamba watu wa reli wanajua treni lakini hawajui abiria wa kila siku. Nilisema kwamba kwao abiria ni mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka na masanduku, anayeweza kusubiri saa nzima mzigo upite kwanza. Muuguzi anayetakiwa kuingia zamu asubuhi hawezi kusubiri shehena ya simenti. Nikasema treni ya mjini inapaswa kuendeshwa na watu ambao asubuhi ikichelewa wao ndio watakaotukanwa, tiketi yake iwe ileile ya basi, na anayeshuka kwenye behewa akute gari linamsubiri. Watu wa reli waendelee na njia na ishara, sisi tuendeshe huduma.

"Yaani sisi tufagie reli, ninyi mpige picha," alisema mwenzake kaka, na ukumbi ukacheka. Kaka naye alicheka. Jioni alinipigia simu. "Leo umeongea vizuri," aliniambia. "Umekosea, lakini umeongea vizuri."

Naikumbuka simu hiyo kwa sababu ndiyo ya mwisho ya aina yake.

Kamati ilikwenda kukagua njia. Tulipofika Makutupora, wapimaji walikuwa wameshatutangulia, na bikoni zao, nguzo fupi za zege zilizopakwa rangi nyekundu, zilikuwa zimeota kandokando ya barabara ya vumbi. Nilizifuata kwa macho. Zilikwenda mpaka kwenye uzio wa mama, zikaingia ndani. Mama alikuwa ametayarisha zabibu kwenye sinia kwa ajili ya wageni, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mwenyekiti akamwamkia, ingawa nadhani walikuwa rika moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibuni. Hawa wawili ni wangu."

Wajumbe wakacheka, wakatutazama mimi na kaka, na nikaona wengine walikuwa hawajui. Mama akawapitishia sinia. Kisha akamuuliza mpimaji aliyekuwa karibu naye swali ambalo alikuwa nalo tangu bikoni zilipowekwa: mizabibu ya upande wa chini imezeeka, anataka kung'oa apande mipya kabla ya mvua, je, apande?

Mpimaji akajikuna. "Mama, subiri kwanza. Inategemea nani atakuwa mwendeshaji."

"Inategemeaje?"

Mpimaji akatufafanulia sote, ramani ikiwa imetandazwa juu ya boneti ya gari. Kama wakala wetu ungeshinda, treni zingelala Mtumba ambako kulikuwa na eneo la wazi la serikali, na Makutupora pangejengwa jukwaa la abiria na choo na kibanda cha tiketi, basi. Ingeguswa kona ya shamba la mama, mistari michache. Kama reli wangeshinda, hawakutaka Mtumba, kwa sababu eneo lile lilikuwa chini ya mamlaka nyingine ambayo hawakuwahi kupatana nayo. Wao wangejenga karakana yao hapa, mwisho wa njia, na njia za kulaza mabehewa. Shamba la mama lingekwenda lote, na mengine mawili ya jirani.

Nilimtazama kaka. Alikuwa anatazama ramani kama mtu anayeijua kwa moyo.

"Ulikuwa unajua?" nilimuuliza tulipobaki nyuma.

"Mchoro ni wetu. Ningekosaje kujua?"

"Na hukuniambia. Hukumwambia mama."

"Ningemwambia nini? Haijaamuliwa."

Nilipanda gari tukarudi mjini. Usiku niliwaza sana kama niseme jambo lile kwenye kamati, kwamba mashamba ya watu watatu yatakufa kwa sababu ofisi mbili hazisalimiani. Niliona ni hoja halali, kwa sababu ilikuwa halali. Nikaamua kuisema kwenye kikao kinachofuata, bila kutaja shamba ni la nani, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshakula zabibu zake.

Kaka alinitangulia.

Kikao kilikuwa hakijapita hata kwenye kuthibitisha kumbukumbu. Alinyoosha mkono, akasimama, jambo ambalo hatukuwa na desturi nalo, akafunga kifungo cha koti.

"Mwenyekiti, nina jambo zito, na naomba mnisamehe kwa sababu linahusu damu yangu. Kama mlivyosikia kule, mjumbe wa wakala ni mdogo wangu wa tumbo moja. Shamba lililo mwisho wa njia ni la mama yetu. Pendekezo lake la kituo kidogo linalinda shamba hilo. Sisemi kwamba amefanya kwa makusudi. Lakini kamati hii ikitoa ushauri na baadaye ikajulikana nje, tutaonekanaje?"

Nilisema, "Mwenyekiti, pendekezo letu liliandikwa kabla bikoni hazijafika Makutupora. Na kama mimi nina maslahi, mjumbe huyu naye ni mtoto wa mama huyohuyo."

"Ndiyo," kaka alisema, bado amesimama. "Tofauti ni kwamba mimi niko tayari shamba liende. Nimeweka mbele nchi."

Watu walipiga makofi. Si wote, lakini walipiga. Mwenyekiti alivua miwani, akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba ni nadra siku hizi kumpata mtumishi mwenye uadilifu wa namna hiyo, na akaniomba, kwa heshima zote, nijiweke kando. Aliyekuja badala yangu alikuwa kijana mgeni ofisini ambaye hakuwahi kufika Makutupora. Kamati ikapendekeza reli.

Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa na haki. Nikiwa nimetulia naweza kukubali kwamba sheria ilikuwa upande wake, na kwamba mtu mwingine akiniuliza kuhusu mjumbe ambaye shamba la mama yake liko kwenye ramani, ningemwambia ajitoe. Sijiulizi kuhusu hilo tena. Ninachojiuliza ni kwa nini hakunipigia simu jana yake. Namba yangu ilikuwa haijabadilika. Angeniambia, jitoe mwenyewe, na mimi nitajitoa, tumwachie kazi hii mtu mwingine. Ningekubali. Lakini tukijitoa wote wawili, nani angepigiwa makofi?

Jumapili ile nilikwenda kwa mama mapema ili nimweleze kabla ya kaka. Nilimkuta kaka ameshafika, gari lake chini ya kivuli cha nyumba. Walikuwa wamekaa sebuleni, jambo lisilo la kawaida kwetu, sebule tuliwaachia wageni.

"Nimemweleza mama," alisema.

"Umemweleza yote?"

"Nimemwambia kwamba eneo linahitajika kwa mradi wa taifa. Fidia italipwa. Nitamjengea chumba kwangu, mtaa wa Kisasa, chenye choo ndani."

Mama alikuwa amekunja mikono mapajani. Alimuuliza kwa Kiswahili, kama vile kaka alikuwa mgeni. "Walipokuwa wanaamua, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Na dada yako?"

Nikajibu mimi. "Mimi nilikuwa nimeshatolewa."

"Nani alikutoa?"

Nilimtazama kaka, nikimsubiri aseme mwenyewe. Alisema, "Kamati, mama. Ni taratibu." Mama akatikisa kichwa polepole, akainuka, akaenda jikoni, na kwa mara ya kwanza nilivyokumbuka mimi alitupakulia kila mtu chakula kwenye sahani yake. Kwetu tulikula sahani moja. Nilikula pembeni ya dirisha, kaka akala karibu na mlango, na mlenda ukapoa kwenye sahani ya mama bila kuguswa.

Fidia alilipwa, tena haikuchelewa. Siwezi kulalamika juu ya hilo, na watu wanaponisikia nikieleza habari hii huuliza hilo kwanza, halafu hukosa hamu ya kusikiliza yaliyobaki.

Aliambiwa asihudumie tena shamba. Aliendelea kulihudumia. Alipogolea mistari yote msimu ule ingawa alijua hatavuna, na nilipomuuliza kwa nini anajichosha, alisema mizabibu isiyopogolewa inaonekana vibaya. Katapila lilikuja asubuhi moja ya upepo mkali. Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Kaka hakuja, alituma ujumbe kwamba ana mkutano. Nilidhani mama angelia au angejifungia ndani. Alisimama kwenye uzio akaangalia kila mstari, na dereva wa katapila, kwa aibu nadhani, alizima injini mara moja akaja kumwamkia na kumwomba asogee kwa ajili ya vumbi. Mama akamwambia aendelee na kazi. Nguzo zilianguka pamoja na nyaya, na mizabibu ikaburutwa imening'inia kwenye nyaya hizo, majani bado mabichi. Kufika mchana ilikuwa lundo moja kwenye kona, na wanawake wa jirani walikuwa wanaomba kuchukua nguzo za kuni. Mama aliwaruhusu.

Kwa kaka hakudumu. Alikaa miezi michache kwenye kile chumba chenye choo ndani, kisha akaniambia kwa simu kwamba mke wa kaka ni mtu mzuri, lakini yeye mama anasikia baridi kule. Kisasa hakuna baridi kuliko Chang'ombe. Nilikwenda kumchukua. Nyumba yangu ina vyumba viwili, majirani ukuta kwa ukuta, redio ya huyu inasikika kwa yule, na mbele ya mlango ni duka, ubavuni ni saluni, ng'ambo ni fundi wa viatu. Mama anakaa mlangoni asubuhi. Hana kitu cha kuangalia zaidi ya miguu ya watu. Aliwahi kupanda kichipukizi cha mzabibu kwenye ndoo, kikakauka, akairudisha ndoo kwenye matumizi ya kuchotea maji.

Halafu, bajeti mbili baadaye, tuliitwa ofisini tukaambiwa mambo yamebadilika. Upembuzi wa awali, tukaambiwa, ulikuwa na mapungufu. Treni ya mjini isingeendeshwa na reli wala na wakala wetu, ingeanzishwa taasisi mpya ya kusimamia mradi. Na ili kupunguza ukubwa, awamu ya kwanza ingeishia mjini. Makutupora iliondolewa. Mkuu wangu alisoma maneno hayo haraka, kama anavyosoma mtu matangazo ya kanisani, akaenda kwenye jambo la pili, ambalo lilikuwa maegesho ya magari.

Nilikwenda kupaona. Uzio wa waya wa serikali umesimama, bikoni zimesimama, ndani ni ardhi nyekundu tupu. Wafugaji wamekata waya upande mmoja, ng'ombe wanaingia kutafuta majani ambayo hayapo. Mlinzi aliyewekwa pale aliniambia hajui anamlindia nani. Aliwahi kulipwa na reli, reli wakasema eneo si lao tena, akaja kwetu, nasi tukamwambia halikuwahi kuwa letu. Alikuwa anabaki kwa sababu kibanda kilikuwa na paa. Nilimuuliza kama mwenye shamba wa zamani angeweza kurudi kulilima. Alinicheka, si kwa ubaya. "Mama, ile ni ardhi ya mradi," alisema.

Mwaka jana ile taasisi mpya iliita mkutano wa wadau. Mada ilikuwa ileile, imewekewa tu maneno mengine: mfumo bora wa uendeshaji. Nilikwenda kwa sababu nilitumwa. Kaka alikuwa mbele, amestaafu reli, nywele zimekuwa nyeupe, na kwenye kibao chake mezani paliandikwa mshauri mwelekezi. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Alipopewa nafasi alisema treni ya mjini si treni kama nyingine. Alisema watu wa reli wamezoea abiria wa mara moja kwa mwaka mwenye masanduku, na kwamba muuguzi anayewahi zamu hawezi kusubiri shehena ya simenti ipite. Alisema tiketi iwe moja na ya basi. Alisema karakana ijengwe Mtumba, ambako ardhi ipo na hakuna haja ya kumhamisha mtu yeyote.

Nilimsubiri wakati wa chai. Alikuja mwenyewe, ameshika kikombe, akanisalimia vizuri, akauliza presha ya mama.

"Kaka, maneno uliyosema ni yangu," nilimwambia.

"Hayana mwenyewe. Ni mambo ya kitaalamu."

"Ulinitoa kwa maneno hayohayo."

"Sikukutoa kwa maneno. Nilikutoa kwa nafasi uliyokuwa nayo." Alikunywa chai kidogo. "Wakati ule nilikuwa mtumishi wa reli. Ulitaka niseme nini? Sasa niko huru, nasema ninachoona."

"Wakati ule ulisema umeweka mbele nchi."

Alinitazama, na kwa mara moja niliona uso wa kaka yangu wa zamani, yule wa kigodani. Nilidhani atasema kitu. Kisha mtu mmoja wa taasisi mpya akamgusa bega, akamwita mheshimiwa, na kaka akageuka. Niliondoka kabla ya kipindi cha pili. Mpaka leo sijasikia walichoamua, na sijauliza.

Jioni ya mkutano ule nilimkuta mama kitandani, hajalala, khanga begani. Safari hii sikumficha. Nilimweleza mkutano, nikamweleza alichosema mwanawe, neno kwa neno, na karakana ya Mtumba, na hakuna haja ya kumhamisha mtu yeyote. Nilikuwa nimesubiri muda mrefu kumwambia mtu, na nilipoanza sikuweza kusimama. Nilimwita kaka majina ambayo sijawahi kumwita mbele ya mama. Nilisema ameuza shamba la baba ili apigiwe makofi, na sasa ameuza hata makofi yale.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa Kigogo ninyamaze, nisimseme kaka yangu ndani ya nyumba.

"Mama, mimi ndiye niliye nawe hapa."

"Najua uko nami," alisema. "Lakini yeye ndiye atakayenizika. Ukigombana naye, watu watakusanyika wapi?"

Alijigeuza ukutani. Nilimfunika miguu, kisha nikatoka uani kuanua nguo zake, maana upepo ulikuwa umeanza na vumbi lilikuwa linakuja.